Mdogo wangu kapigwa kituoni mpaka kaweka dole gumba kwenye maelezo ambayo hajasomewa, tufanye nini? (Mbeya)

Dada_wa_Ilemi:

Wakuu habari za jioni, nisameheni nikichanganya maneno maana sijalala vizuri tangu Alhamisi. Niko Mbeya mjini. Mdogo wangu ana miaka 22, ni fundi pikipiki ana kijiwe chake maeneo ya Mafiati. Alhamisi jioni wakaja watu wanne na Noah, hawana sare, hawajajitambulisha, wakamuuliza jina akawajibu, pingu, wakamsukumia ndani ya gari. Kijana anaefanya nae kazi alipouliza anapelekwa wapi kaambiwa nyamaza usije ukaunganishwa na wewe. Basi wakaondoka.

Usiku ule tumezunguka vituo tunavyovijua vyote, kila kaunta wanafungua kitabu wanasema huyo mtu hayupo kwetu. Ijumaa hivo hivo. Mama ana presha ikapanda tukawa na wagonjwa wawili. Jumamosi mchana askari mmoja, Mungu ambariki popote alipo, akanivuta pembeni akaniambia nendeni kituo fulani (sikitaji hapa sababu dogo bado yuko mikononi mwao), tukaenda tukamkuta.

Alitolewa ameshikiliwa na mahabusu mwenzie, hawezi kukanyaga. Nyayo zimevimba, vidole vya mikono vina ganzi hawezi hata kushika chupa ya maji, kwenye vifundo vya mikono kuna alama za kamba. Akaniambia harakaharaka askari alipogeuka kwamba walimfunga mikono na miguu wakapitisha bomba la chuma katikati wakamning'iniza kati ya meza mbili, wakawa wanampiga nyayo kwa virungu huku wanamuuliza pikipiki mmeficha wapi na bunduki iko wapi, akisema sijui wanaendelea, mwisho akawa anajibu ndiyo kwa kila kitu. Kuna karatasi imeandikwa, yeye kaweka dole gumba tu, hajasomewa.

Kesi wanayosema ni unyang'anyi wa kutumia silaha, pikipiki za bodaboda zilizoporwa njia ya Mbalizi. Kinachomuunganisha ni kwamba moja ya hizo pikipiki aliwahi kuitengeneza pale kijiweni na namba yake ya simu ipo kwenye simu ya mwenye pikipiki. Fundi yeyote wa Mbeya ana namba za bodaboda hata mia.

Mpelelezi katuambia hiyo kesi haina dhamana, ila tukipata laki tano anaweza "kupunguza kosa" liwe la kupokea mali ya wizi. Mjomba anataka tuuze ng'ombe tulipe. Mimi roho inakataa. Naomba mwenye uelewa aniambie, wana haki ya kukaa nae hivi siku zote hizi? Hiyo karatasi ndo imeshammaliza? Na hospitali tunampelekaje wakati yuko ndani?

---

Kabwe_Stendi:

Pole sana dada. Ng'ombe asiuzwe. Ukilipa hapo leo kesho wanakuja na kingine, na kosa la kupokea mali ya wizi bado ni kosa la jela, utakua umenunua kifungo kwa hela yako. Anaeomba hela unampigia TAKUKURU 113, ni bure.

---

Msaidizi_Sheria_Rungwe:

Dada pole, mimi ni msaidizi wa kisheria huku Tukuyu, hizi kesi nimezikalia sana kwa hiyo nivumilie nitaandika ndefu.

Kwanza muda. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema mtu aliyekamatwa bila hati kwa kosa lisilo la kifo, kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo amwachie kwa dhamana isipokuwa kosa likiwa zito. Sasa hapo ndo wanapopenyea, wanasema hili ni zito. Sawa, unyang'anyi wa silaha ni zito kweli, kifungo chake ni kuanzia miaka 30 na hata hakimu hawezi kukupa dhamana, kwa hiyo hapo mpelelezi hajakudanganya. Lakini uzito wa kosa haumpi polisi ruhusa ya kumlaza mtu ndani anavyotaka, sheria hiyo hiyo inasema anaebaki mahabusu apelekwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Alhamisi mpaka leo Jumapili dogo hajaona hakimu wala hajaona wakili.

Afu kuna muda mwingine ambao watu wengi hawaujui kabisa. Kumhoji mtuhumiwa na kuandika maelezo yake kuna saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi. Wakitaka zaidi wanaongeza saa nyingine zisizozidi 8, zaidi ya hapo wakaombe kwa hakimu. Muda wa kumsafirisha na mambo kama hayo hauhesabiwi, na wao watajaribu kujificha humo, lakini Mahakama ya Rufani imeshasema wazi kwamba kumweka mtu kituoni kupita muda uliowekwa na sheria ni mateso, ya akili au ya aina nyingine, na maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda yametupwa kwenye kesi nyingi. Ndo maana mlipozunguka vituo mkaambiwa hayupo, lile halikuwa jambo dogo. Mtu asiyeandikwa kwenye kitabu hana saa inayohesabika. Kaa chini leo hii na kijana aliyekuwepo kijiweni, aandike kwa mkono wake siku, saa, Noah rangi gani, namba kama kaishika, walivaaje. Wewe andika kila kituo mlichofika na saa mliyofika. Hivyo vitu mtavisahau haraka na mwendesha mashtaka atavitaka.

Karatasi yenye dole gumba haijammaliza. Sheria ya Ushahidi haitaki ungamo lililopatikana kwa vitisho, na mzigo wa kuthibitisha kwamba alisema kwa hiari yake uko kwa upande wa mashtaka, sio kwake. Wakitaka kuyatoa yale maelezo kama kielelezo mdogo wako anatakiwa akatae PALE PALE kabla hayajapokelewa, aseme nilipigwa sikusema kwa hiari, hapo hakimu anasimamisha kesi kubwa anaendesha kesi ndogo ndani ya kesi kuchunguza hilo tu. Akinyamaza yakapokelewa halafu aje kulalamika wakati wa kujitetea, watasema amejitungia baadae. Nimeona watu wanafungwa kwa kukaa kimya dakika ile moja.

Niulize kitu, dogo amesoma mpaka wapi? Anajua kuandika jina lake?

---

Dada_wa_Ilemi:

Kamaliza kidato cha nne kaka, anasaini vizuri tu, hata leseni yake ina saini. Kaweka dole gumba sababu kalamu ilikuwa haishikiki.

---

Msaidizi_Sheria_Rungwe:

Basi hiyo leseni itunze. Kijana wa kidato cha nne mwenye saini yake kwenye leseni anaweka dole gumba kituoni, kwa nini? Hakimu yeyote makini atauliza hilo swali na wakashindwa kulijibu.

---

Boda_Uyole:

Mimi ntasema ukweli hata kama utaumiza. Mwaka juzi rafiki yangu tuliekua tunapaki nae kijiwe kimoja alichukua abiria usiku akakutwa shambani kakatwa kichwani, pikipiki hakuna. Kaacha mke na mtoto wa miezi. Hao jamaa wangeshikwa wakabembelezwa wakapewa soda wangesema nini? Polisi wakiwapiga hao watu mimi siwezi kulia nao. Nyie mnaongea haki za binadamu, na yule aliyekufa haki yake iko wapi? Dada sikutukani mdogo wako, ila polisi hawaendi kumchukua mtu hivihivi tu, lazima kuna kitu.

---

Dada_wa_Ilemi:

Kaka yangu wa Uyole pole kwa rafiki yako, nasema kutoka moyoni, maana mteja mkubwa wa mdogo wangu ni nyie bodaboda. Lakini nikuulize. Kama mdogo wangu hakupora, na amekubali sababu ya kipigo, yule aliyepora pikipiki njia ya Mbalizi yuko wapi usiku huu? Faili likishafungwa kwa jina la fundi wa Mafiati hakuna anaemtafuta tena. Kesho anasimamisha bodaboda mwingine, anaweza kuwa wewe. Na hiyo bunduki wanayoitafuta mdogo wangu aliwatajia ipo kwenye nyumba ya bibi kule Isangati, wameenda wamepekua wamekosa, wamerudi wamempiga tena kwa sababu kawadanganya. Angewatajia ya wapi?

---

Afande_wa_Zamani:

Nimefanya kazi ya upelelezi miaka mingi, nimestaafu niko Makambako nalima viazi. Kijana wa Uyole hoja yako nimeisikia maisha yangu yote kazini na inatoka kwenye uchungu wa kweli, lakini kipigo ni upelelezi wa mtu mvivu. Pikipiki ina namba ya injini na chesisi, simu iliyotumika ina mnara, abiria alionekana na watu mahali. Hiyo kazi inachukua wiki, inataka mafuta na inataka kutembea, kipigo kinachukua usiku mmoja na asubuhi una karatasi ya kumwonyesha bosi. Halafu inafika mahakamani karatasi inatupwa, ushahidi mwingine hamna kwa sababu hakuna aliyeutafuta, na kama jamaa kweli alikuwa jambazi anatoka anacheka. Nimeyaona haya, tena kwa watu niliokuwa na uhakika nao kabisa kwamba ni majambazi. Marehemu hakutendewa haki na yeyote.

Dada nikupe ya ndani kidogo. Usiende kaunta kugombana na askari wa zamu, yule hana maamuzi. Andika barua kwa mkuu wa kituo, fupi, jina la dogo, amekamatwa lini wapi, ana majeraha haya, tunaomba PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) apelekwe hospitali na tunaomba afikishwe mahakamani. Nakala kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), nakala kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), nakala kwa ofisi ya mashtaka ya mkoa. Fotokopi yako wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe. Wakikataa kupokea peleka moja kwa moja kwa RPC, kule masjala wanapokea. Barua yenye muhuri inabadilisha hesabu za watu. Mpaka muda huo dogo ni wa mpelelezi mmoja na chumba chake, barua ikishaingia akizidiwa mle ndani kuna wakubwa walioandikiwa wakajua, na hakuna mkubwa anaetaka mtu afie kwenye kituo chake akiwa na barua mezani.

Na nendeni watu wawili watatu, ikiwezekana na mwenyekiti wa mtaa au mchungaji wenu. Sio kwa fujo, muonekane tu kwamba huyu mtoto ana wenyewe.

---

Nesi_Mama_Anyisile:

Mwanangu nimesoma nimelia. Nilikuwa nesi wodi ya upasuaji, nina swali moja la haraka kabla ya mambo ya sheria. Mkojo wake ukoje? Mtu akipigwa sana nyama za mwili zinapondeka, uchafu wake unaingia kwenye damu unaenda kuziba figo, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi au unakata kabisa. Anaweza kuonekana anaongea vizuri na siku chache baadae figo zimesimama. Kesho asubuhi muulize hilo kwanza, na kama anaruhusiwa kuletewa chakula mpelekee maji mengi. Mkojo ukiwa mweusi au hakojoi ni dharura, mwambie mkuu wa kituo kwa maneno hayo hayo, figo, akikataa inakuwa ni juu yake.

Matibabu ya kuokoa maisha hayangoji PF3 mwanangu, sisi mgonjwa tulikuwa tunampokea na karatasi inafuata. Lakini PF3 muipate, maana ndo karatasi daktari anajaza majeraha na mahakama inaisoma. Mkifika mwambie daktari aandike KILA kitu, sio "maumivu ya mwili", aandike nyayo zote mbili zimevimba, alama za mviringo vifundo vyote viwili, ganzi ya vidole na nguvu ya mkono imepungua. Hiyo ganzi ni mishipa ya fahamu imebanwa na kamba au kwa kuning'inia, na ni alama ambayo mtu hawezi kuigiza. Madaktari wengi ni waoga wa kesi, mbembelezeni kwa heshima. Na mpige picha za majeraha mkipata nafasi, hospitali, sio kituoni wasije wakawanyang'anya simu.

---

Mlima_Rungwe88:

Mnampa dada wa watu matumaini hewa. Askari nchi hii hafungwi. Barua zote hizo zitafungiwa maandazi.

---

Mhehe_wa_Mufindi:

Ndugu yangu usiseme hafungwi. Sisi wa Iringa tulikuwepo. Tarehe 2 Septemba 2012 kijiji cha Nyololo mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, alizingirwa na polisi akiwa kazini akapigwa, akauawa kwa bomu la machozi, na picha zipo watu walipiga. Kila mtu alisema kama wewe, kwamba itaisha kimya. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ikamfunga askari miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Wengine tuliona askari mmoja kwa kundi lile lote ni kidogo mno, na mpaka leo naona hivyo, lakini alifungwa, na alifungwa kwa sababu kulikuwa na picha na watu waliokubali kusimama kizimbani. Na mwaka 2022 kule Mtwara maaskari 7 walishtakiwa kwa mauaji ya kijana mfanyabiashara wa madini.

Kinachoniuma ni kwamba mpaka mtu afe ndo inakuwa kesi. Katiba yetu ibara ya 13(6)(e) inakataza mtu kuteswa, imeandikwa kwa Kiswahili kila mtu anaelewa, lakini hatuna sheria inayosema kutesa mahabusu ni kosa la jinai lenye jina lake na kifungo chake, askari akishtakiwa inakuwa shambulio la kudhuru mwili kama ugomvi wa kilabuni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso nchi yetu haijauridhia mpaka leo. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande ilizunguka nchi nzima mwaka 2023 watu wakayasema haya haya ya kubambikiwa kesi na kupigwa. Tunayajua yote. Anaeyalipia ni mtoto wa mtu fundi pikipiki.

---

Dada_wa_Ilemi:

Wakuu nawashukuru, narudi na habari, ni Jumanne leo. Jana tulienda na mwenyekiti wa mtaa na mchungaji. Barua kaunta walikataa, wakasema hapa hatupokei barua za raia. Tukaenda kwa RPC ikapokelewa ikagongwa muhuri, tulivyorudi kituoni na nakala yenye muhuri mambo yakawa tofauti kabisa, mkuu wa kituo mwenyewe katoka kaongea na sisi. Mama Anyisile mkojo ulikuwa umebadilika rangi, nimewaambia neno figo kama ulivyonifundisha, wakampeleka hospitali kwa ulinzi na PF3 ikatoka. Kawekewa maji, daktari amesema amewahi. Daktari kaandika yote, hata ganzi.

Leo asubuhi wakamtoa hospitali wakampeleka mahakama ya mwanzo kwa mtu wanasema ni mlinzi wa amani, yaani hakimu anaeandika maungamo, eti akaungame. Dogo anasema yule mama alimtoa askari nje akafunga mlango, akamuuliza umelala wapi, umepigwa, akamwambia vua shati na viatu nione. Akaona. Dogo kasema sina cha kuungama nilipigwa, yule mama kaandika. Sasa kesho wanampeleka mahakama ya wilaya kusomewa shtaka. Nifanye nini kesho? Na mpelelezi anapiga simu bado anaulizia ile laki tano.

---

Msaidizi_Sheria_Rungwe:

Dada hapo kwa mlinzi wa amani mmepata kitu kikubwa sana, yule ni shahidi asiye ndugu yenu wala si polisi, na ameona mwili kwa macho yake. Aliyoyaandika yamebaki kwenye kumbukumbu.

Simu ya laki tano rekodi au hifadhi meseji, 113, leo leo usisubiri kesho.

Malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora andikeni usiku huu huu na yaingie kabla shtaka halijasomwa, sababu Tume haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani, na wakija kusema liko mahakamani nyie mna tarehe. Lalamiko lisiguse kama ameiba au hajaiba, liguse kipigo na kufichwa tu. Ni bure, mnaweza kuandika kwa mkono.

Kesho mfike mapema kabla ya saa mbili. Akisomewa shtaka anakana, halafu asikae, aombe ruhusa amwambie hakimu kwa sauti: mheshimiwa nilikamatwa Alhamisi, nilipigwa kituoni, nimetibiwa Jumatatu kwa PF3, naomba iandikwe kwenye mwenendo wa kesi na naomba niendelee na matibabu nikiwa gerezani. Afanye mazoezi ya hayo maneno leo. Dhamana hatapata kwa shtaka hilo, mama muandaeni mapema asije akaanguka mahakamani, akitoka pale anaenda gereza la Ruanda mahabusu, na gerezani wakati wa kumpokea wanakagua afya, aonyeshe tena majeraha yote yaandikwe. Nakala za PF3 zikae sehemu tatu tofauti, moja kwako, moja kwa mchungaji, moja kwa wakili.

Wakili kama hamna uwezo, nendeni halmashauri ya jiji muulizie msajili msaidizi wa msaada wa kisheria, yupo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, mara nyingi mnampata kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mimi kesho nina kazi Tukuyu mpaka saa nne, nikimaliza napanda gari nakuja, nitumie ujumbe wa faragha jina la mahakama.

---

Boda_Uyole:

Dada sisi wa kijiwe tumeongea. Yule mwenye pikipiki iliyotengenezwa kwa dogo namjua, ni mtu wa Iyunga, anasema pikipiki iliibiwa wiki nyingi baada ya dogo kuitengeneza na hakuna polisi aliyewahi kumuuliza hilo. Yuko tayari kusema mahakamani. Nikuletee namba yake wapi?